Glisirini ile ile, mamkwe ngozi kama hariri mi nazidi kupauka, nakosea wapi?

BintiMakorora

Asalaam aleikum na habarini za jioni wote wa humu. Naombeni msaada wenu maana nshachoka kujikunakuna mbele za watu.

Iko hivi, mamkwe wangu anakaa Tongoni hapa Tanga, huko pembeni ya bahari, mama wa miaka sitini na kitu lakini ukimshika mkono unauonea aibu wa kwako, laini, unang'aa, na wala hanukii kipodozi chochote. Siku moja tunapepeta mchele nkamuuliza siri yake akacheka akanambia "mwanangu mie tangu n'olewe napaka glisirini tu, hayo mengine nawaona nayo nyie". Basi mi nkajua kumbe mambo yenyewe rahisi hivi, kesho yake natoka kazini nkapita duka la dawa huku Mgandini nkachukua chupa ya mili mia, buku mbili na jero, nkaanza kupaka asubuhi na jioni ile ile nzito nzito kama ilivyo, mikono, miguu mpaka uso.

Sa wiki ya pili hii. Badala ya kulainika ngozi inavuta kama nimepakwa ute wa yai ukakaukia, mikono imepauka, kwenye viungo vya vidole imeanza kupasuka vimistari, na magaga ya miguu ndo usiseme. Cha ajabu wikiendi nikiwa nyumbani sipauki sana ila inanata, nikipanda bajaji nkishuka nina vumbi la mji mzima mwilini. Ofisini ndo balaa, nipo Chumbageni na bosi wetu kiyoyozi kakiweka 18 asubuhi mpaka jioni utadhani tunauza samaki.

Hapo hapo mume wangu anafanya kazi ya mawe kule Pongwe, alivoiona chupa akaniambia nisimsogelee, et hiyo ndo wanayotengenezea baruti. Yani nina ngozi mbovu na mume kanihama kitanda. Nakosea wapi? Au mamkwe kanificha kitu?

Mnazi_Mmoja

Mafuta ya nazi dada. Bibi zetu walipaka hayo hayo na hakuna aliyepasuka. Hizo za dukani ni kemikali tu.

DukaLaKona

Dada pole. Mi niko kwenye duka la dawa mwaka wa kumi na moja sasa na hili swali naletewa kila msimu, kwaiyo ntajibu kwa urefu kidogo mnivumilie.

Kwanza tuelewane glisirini ni nini kwenye ngozi. Sio mafuta. Watu wengi wanachanganya hapo kwasababu ni nzito na inateleza, lakini ukiiweka kwenye maji inayeyuka yote inapotea, mafuta hayafanyi hivo. Kazi yake ni kuvuta maji na kuyashikilia. Iache chupa wazi mezani hapo Tanga siku kadhaa uone, inakunywa unyevu wa hewani yenyewe inakuwa nyepesi. Na sio kitu kigeni mwilini, ngozi yako hiyo inatengeneza ya kwake kidogo kutokana na mafuta yake ya asili, tena kuna vijimlango kwenye chembe za ngozi kazi yake kupitisha maji na glisirini, akwaporini vinaitwa, Mmarekani Peter Agre aliyegundua milango ya jamii hiyo alipata Nobeli ya kemia 2003.

Sa swali la msingi ni inavuta maji KUTOKA WAPI. Inavuta pale yalipo. Mamkwe wako yuko Tongoni, hewa ya kule ukining'iniza khanga usiku asubuhi unaikuta mbichi, kwaiyo glisirini yake ina pa kuchota. Wewe unakaa masaa nane tisa kwenye kiyoyozi, na kiyoyozi hakipoozi hewa tu, kinaikamua maji, yale yanayodondoka kwenye bomba nje ya ukuta unadhani yanatoka wapi? Ndo unyevu wa humo ofisini mwenu huo. Glisirini yako ikiwa nzito vile na hewa imekauka inageukia pa karibu, yani ngozi yako ya ndani, inayapandisha maji juu, yakifika juu hewa kavu inayabeba yanaondoka. Kwaiyo umejichotea kisima chako mwenyewe af ukamwaga nje. Ndo hiyo kuvuta unayoisikia.

Na wikiendi unanata kwasababu umepaka nyingi mno. Ile ya chupa ni karibu glisirini tupu. Losheni nyingi za dukani ukisoma nyuma utaiona jina lake linakuja pili au tatu baada ya maji, na mara nyingi ni kama asilimia tano mpaka ishirini hivi, sio zaidi ya hapo, watengenezaji nao wanajua ikizidi inanata.

Fanya hivi. Kijiko kimoja cha chai cha glisirini, vinne au vitano vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Paka ukitoka tu kuoga, ngozi bado ina maji maji, usijifute ukakauka kama sahani. Af juu yake FUNIKA, hapa ndo wengi wanapoishia njiani. Mafuta ya mgando kidogo au hayo ya nazi ya ndugu yangu hapo juu. Glisirini inashika maji, mafuta yanaziba yasitoke, ni kazi mbili tofauti na huwezi kumpa mmoja kazi ya mwenzie. Uso usiweke mgando kama una chunusi, huko tumia losheni ya kawaida.

Ule mchanganyiko usitengeneze lita nzima. Glisirini tupu haiozi lakini ukishaichanganya na maji mengi hivo wadudu wanaishi humo vizuri tu, tengeneza ya siku nne tano, weka friji, ikibaki mwaga.

Mnazi_Mmoja

Kwaiyo nazi nlisema kweli au sikusema?

DukaLaKona

Ulisema nusu mkuu. Nazi ukipaka juu ya ngozi kavu iliyokwishapauka unaziba ukavu. Inang'aa kwa nje, ndani kama mwanzo.

MpasuaMawe

Mi niko hiyo hiyo kazi ya mume wako dada, tena tunaweza tukawa tunajuana hahaha. Mwambie arudi kitandani. Ni kweli baruti kali ile ya zamani ilitoka kwenye glisirini ila sio hii ya chupa, kuna kutoka na kuwa. Wanaichanganya na asidi za hatari, ya naitriki na ya salfa, kwa ubaridi maalum, inatoka kitu kingine kabisa kinaitwa naitroglisirini, hicho ndo ukikitikisa kinaondoka na wewe. Alfred Nobel yule Msweden akaja kukituliza kwa kukinywesha kwenye udongo maalum, 1867 akakisajili kwa jina la dinamiti, na ndo utajiri uliozaa hizo Nobeli alizotaja wa duka hapo juu. Na hicho hicho kikawa dawa, wagonjwa wa moyo wanawekewa kidonge chini ya ulimi kifua kikibana. Siku hizi machimboni wengi hawatumii hata hiyo, ni mbolea ya amonia iliyochanganywa na dizeli ndo inapasua mwamba.

Sa glisirini ya kupaka hata uiwashe kiberiti itakusumbua kuwaka. Mwambie ndugu yangu vumbi la chokaa la Pongwe ndo linammaliza ngozi, angeipaka yeye.

BintiMakorora

@MpasuaMawe nimemsomea yote akasema "sawa nimeelewa" af akageukia ukutani. Tutafika tu.

@DukaLaKona asante sana, ila kuna shoga yangu ofisini anachanganya glisirini, limau na maji ya waridi kwenye kichupa anapuliza usoni, anasema inang'arisha na kuondoa madoa. Nijaribu hiyo?

Somo_wa_Ngamiani

Maji ya waridi sawa, hayo tumekua nayo, kwenye liwa, kwenye singo ya bi harusi, hata kwenye chai ya wageni wengine wanadondoshea. Glisirini na marashi mawaridi ndo mchanganyiko wa mabibi kabla ninyi hamjazaliwa. Limau toa. Nina mabinti niliowafunda walitaka kung'aa kabla ya harusi wakapaka limau wakaenda kwenye jua la saa sita kufuata vitambaa, wakarudi na mabaka meusi shingoni yenye malengelenge, harusi ya mmoja wao ikabidi isogezwe wiki mbili. Sio hadithi nimeona kwa macho yangu na huyo mmoja nlikua nimeshampangia mpaka siku ya kutolewa nje.

Na mkishazoea limau mnahamia kwenye vikopo vya kujichubua visivyo na jina. Mwanamke wa pwani anasuguliwa kwa liwa, hapikwi kwa tindikali.

DukaLaKona

Bi Somo kamaliza. Niongezee tu sababu, maganda na maji ya limau na ndimu yana kitu ambacho kikikutana na jua kwenye ngozi kinaunguza, na baka lake linaweza kukaa wiki mpaka miezi. Af ni asidi kali kwenye ngozi ambayo tayari ina vimistari kama ya dada hapa, itawaka moto.

Na kwenye hivo vikopo visivyo na jina, jamani. Zebaki na haidrokwinoni viko kwenye orodha ya viambato vilivyokatazwa kwenye vipodozi hapa kwetu miaka mingi. Zebaki inapita kwenye ngozi inaenda kwenye figo. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, shirika la viwango, sio ile mamlaka ya dawa kama zamani, kwaiyo ukiwa na kopo la mashaka huko ndo pa kupeleka.

UstadhWaSahare

Samahani kama ntatoka nje ya mada. Nlisikia glisirini inatokana na mafuta ya wanyama ikiwemo nguruwe. Sasa sisi tunaopaka tukaswali vipi?

KostikiMuheza

Hapa naingia mimi, natengeneza sabuni Muheza, za mawese na za nazi, na glisirini kwangu ni kama pumba kwa mwenye mashine ya kukoboa, inatoka yenyewe nisipotaka nikitaka.

Kila mafuta unayoyajua, ya nazi, alizeti, mawese, ya ng'ombe, ya huyo mnyama aliyetajwa, yote ndani yamejengwa hivo hivo, mkono mmoja wa glisirini umeshika nyuzi tatu za mafuta. Nikimwagia kostiki soda zile nyuzi zinaachia zinakuwa sabuni na glisirini inabaki peke yake. Kwa hesabu ya haraka kilo mia za mafuta zina kama kilo kumi za glisirini humo. Viwanda vikubwa wanamwaga chumvi, sabuni inaelea juu, glisirini inabaki chini kwenye maji ya chumvi wanaikamua wanaiuza pembeni kwa bei. Sisi wa kienyeji hatuitoi, inabaki ndani ya kipande, ndo maana kuna wateja wangu wanasema sabuni yangu haiwakaushi mikono kama ya kiwandani na mi nawaambia ni maombi hahaha. Ila nisidanganye, kostiki ikizidi kipimo hata iwe na glisirini ndoo nzima itakuunguza tu, nshachezea bachi mbili hivo, nilifulia gunia.

Kwaiyo ustadh jibu ni kwamba inategemea mafuta gani yalitumika. Ipo ya mimea ipo ya wanyama, na siku hizi nyingi sana duniani inatoka kwenye viwanda vya dizeli ya mimea, wakitengeneza ile dizeli glisirini ndo inabaki. Ikishasafishwa zote ni kitu kimoja huwezi kuzitofautisha kwa macho wala kwa kunusa, kwaiyo soma lebo, wengi wa mimea wanaandika kwa kujisifia. Isipoandikwa muulize muuzaji.

Na mtu wa kwanza kuipata hakua anaitafuta hata, mfamasia wa Sweden Scheele, 1779, alikua anachemsha mafuta ya zeituni na oksaidi ya madini ya risasi, akapata maji mazito akaonja akakuta matamu. Aliyeipa jina ni Mfaransa Chevreul, kalitoa kwenye Kigiriki, neno la utamu. Ndo maana utaikuta kwenye dawa ya meno na ya kikohozi. Huyo Scheele alikua na tabia ya kuonja kila alichokipika, sio mtu wa kumuiga.

UstadhWaSahare

Nimekuelewa ndugu. Ile kwamba ikigeuka kabisa inakuwa kitu kingine wanazuoni wana maneno yao nayo, kila mtu amuulize sheikh wake. Mi ntatafuta ya mimea moyo utulie.

Kijana_wa_Duga

Kwaiyo @KostikiMuheza nikija na dumu unaniuzia glisirini ya bei ya chini? Nataka nianze biashara ya kuchanganya losheni, mtaji mdogo.

KostikiMuheza

Sina mitambo ya kuitoa mdogo wangu, nakuuzia sabuni.

DukaLaKona

Na we kijana naomba unisikilize kwa makini hapa. Usinunue glisirini ya dumu isiyo na karatasi zake. Kuna kitu kinaitwa daiethilini glaikoli, kinafanana nayo, kizito vile vile, kitamu vile vile, bei chini, kinatumika viwandani, na ni sumu ya figo ukimeza. Wajanja wa mnyororo wa biashara walishawahi kukiuza kama glisirini kikaingia kwenye dawa za maji. Haiti 1996 walikufa makumi ya watoto kwa dawa ya homa, Panama 2006 watu wakafa tena kwa dawa ya kikohozi. Na 2022 Gambia watoto walikufa kwa figo, dawa zao za maji zikakutwa na sumu hiyo hiyo. Najua we unataka kupaka tu sio kunywesha, lakini losheni inapakwa kwa mtoto anayenyonya vidole, inapakwa kwenye kidonda, na wewe huna maabara. Chupa ya duka la dawa iliyoandikwa BP au USP maana yake imepimwa kwa kiwango cha dawa. Tofauti ya bei ndo hiyo.

Nataka nimrudie mwenye uzi kwenye magaga, nimeyasahau. Glisirini peke yake kwenye kisigino kilichopasuka haitoshi, ngozi ya pale ni nene kama kandambili. Loweka miguu maji ya uvuguvugu dakika kumi, sugua taratibu na jiwe, paka krimu yenye yurea ukiipata, funika na mgando, vaa soksi ulale. Usiku kwa usiku. Kama una sukari au ufa unatoa damu usijisugue nyumbani, nenda ukaonwe.

Mnazi_Mmoja

Soksi Tanga hii? Mwezi wa pili kaskazi inapiga? Wewe mfamasia unaishi mji gani?

DukaLaKona

Hahahaa haya usiku wa kusi basi.

BintiMakorora

Wadau nimerudi, ni siku ya kumi na mbili leo.

Nimefanya vile vile. Naoga, natoka na maji maji, napaka ile iliyozimuliwa, juu naweka nazi kidogo mwilini na mgando mikononi, ofisini nimeweka kichupa kidogo cha losheni kwenye droo kila nikinawa napaka. Kuvuta kumeisha siku ya tatu tu. Vimistari vya vidole vimefunga. Kunata hakupo ila ukizidisha mkono kunarudi, nimejifunza kwa kuharibu gauni moja. Kiyoyozi nilimwomba bosi apandishe mpaka 24 akaniangalia kama nimeomba mkopo.

Af Jumapili nkaenda Tongoni nkamkabili bi mkubwa. Nkamwambia mama mbona ulinificha. Akashangaa, nikuficheje? Nkamwambia nionyeshe unavopaka. Akaenda kuoga, akatoka na upande wa khanga anachuruzika, akachukua kikombe cha maji akadondoshea glisirini matone mawili matatu akajipaka, akakaa kidogo, af akavuta kichupa cha mafuta ya nazi anayokamua mwenyewe akamalizia. Nkamwambia sasa mama mbona ulisema glisirini TU! Akanijibu "sasa mwanangu, maji na nazi navyo ni vya kutaja?"

Somo_wa_Ngamiani

Nimecheka mpaka nimemwaga chai. Ndo walivo hao, hata ukiwauliza pilau watakwambia ni mchele tu.

MpasuaMawe

Na jamaa yangu je, karudi kitandani?

BintiMakorora

Karudi. Na jana nashangaa chupa imeisha nikadhani nimemwaga, kumbe usiku mi nikilala anapaka visigino. Nimemkuta na soksi.